Soksi za Februari: kisa cha mtoto aliyeongezeka uzito huku akifa kwa utapiamlo

Alama ile niliiweka mimi. Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto huyu, mwezi Februari, kuna nukta ya wino wa bluu kwenye kilo 8.6. Ya Januari ilikuwa 8.2. Ukiziunganisha, mstari unapanda, na sisi tunaopima watoto mstari unaopanda ndicho kitu cha kwanza tulichofundishwa kukifurahia. Nilimwambia mama yake, "Hongera mama, mwanao anarudi." Alipokea kadi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba bila kusema neno. Nikaita mwingine, kwa sababu foleni ilikuwa imefika nje mpaka chini ya mwembe.

Wiki tisa baadaye mtoto yuleyule alifikishwa wodini akiwa na kilo 8.9. Kope zilikuwa zimevimba, macho yanaonekana kama nyufa. Ngozi ya mapaja ilikuwa inabanduka vipande vipande kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Nywele zilikuwa za rangi ya kutu, na ukizivuta kidogo zinatoka bila yeye kushtuka. Sukari ya damu ilisoma 2.4, joto la kwapani nyuzi 34.8, vyote chini mno. Alipochomwa sindano hakulia. Kwa mizani alikuwa ameongezeka tangu Januari. Kwa hali halisi alikuwa na utapiamlo mkali, na siku ile ya Februari nilipompa mama yake hongera alikuwa nao tayari.

Mama amenipa ruhusa ya kuandika, na majina sitayataja. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto wilayani Temeke, Dar es Salaam, miaka kumi na moja sasa. Kisa hiki nimekizungumza na wenzangu mara nyingi, na kila mara kuna mtu anayesema, "Si walikuwa maskini tu?" Hapana. Ndani ya nyumba ile samaki walikuwa wanapita kila siku.

Nyumba ya mkaanga samaki

Mama ana miaka 24. Saa kumi alfajiri yuko njiani kwenda soko la samaki la Feri, saa mbili asubuhi amerudi Tandika na ndoo ya vibua. Anawapara, anawaosha, mchana anakaanga, jioni yuko kwenye meza yake ya mbao mpaka saa tatu usiku. Baba ni kibarua wa kushusha mizigo kwenye maghala, siku akiitwa. Wanaishi chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji, choo kimoja kwa wote, maji ya kununua kwa ndoo. Si watu wavivu, na si wazazi wasiojali. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewasikia hata watumishi wenzangu wakiwaita akina mama kama huyu "wazembe", na neno hilo halijawahi kumnenepesha mtoto yeyote.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Kwa miezi sita hakupewa kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama. Kwa mwanamke wa biashara hilo si jambo dogo: mdogo wake alikuwa anamleta mtoto mezani, ananyonya pale pale kati ya wateja. Baada ya miezi sita uji ukaanza, na hapo ndipo mstari wa kadi ulipoanza kulala. Miezi tisa, kilo 8.0. Miezi kumi, 8.1. Mwaka mmoja, 8.3. Kwa kuwa hakuwa ameangukia kwenye rangi nyekundu, hakuna aliyeshtuka. Tulimwambia ajitahidi kumlisha. Kumlisha nini, mara ngapi, uji wa uzito gani, hatukusema.

Januari, mtoto akiwa na miezi 13, mama aligundua ana mimba nyingine. Siku ileile alimwachisha ziwa. Tangu utotoni amesikia kwamba maziwa ya mwenye mimba yamechafuka na yanamharisha mtoto, na hakutaka kumdhuru mwanawe. Akampeleka kwa bibi yake, Mbagala Kizuiani, akalikizwe huko: asimwone mama, asahau ziwa. Ni desturi yetu ya siku nyingi, na inafanywa kwa upendo.

Lakini maziwa ya mwenye mimba hayachafuki. Mimba ikiwa haina matatizo na mama akila vya kutosha, anaweza kuendelea kunyonyesha huku akimwachisha taratibu. Na mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja bado anapata kama theluthi moja ya nguvu anazohitaji kutoka kwenye ziwa, pamoja na protini safi na kinga. Kumwachisha kwa siku moja ni kuiondoa theluthi hiyo yote kwa mkupuo. Kitu kilichobaki kuijaza kilikuwa uji wa Kizuiani.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu watoto waliovimba namna hii. Jina la ugonjwa alilichukua kwa wenyeji wanaosema Kiga, nasi tunalitamka kwashakoo. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapokuja. Akina mama wa pwani ile walikuwa wameuona mpangilio wote kabla ya hospitali: mimba mpya, ziwa linaondolewa, mtoto anavimba. Nililisoma jina hilo chuoni nikalikariri kwa ajili ya mtihani. Maana yake niliielewa Aprili, nikiwa nimekaa mkabala na mama mwenye mimba ya miezi mitano.

Miguu

Februari Dar es Salaam ni mwezi wa jasho. Watoto wanaletwa kliniki wakiwa na kinguo kimoja. Mtoto huyu mama alimvua shati na kaptura, tukamtia kwenye suruali ya mizani, tukamning'iniza, na miguuni alibaki na soksi nyeupe. Niliziona. Nilifikiri ni madaha ya mama kijana. Baadaye aliniambia kwamba miguu ilikuwa imeanza kung'aa na kujaa, wapangaji wenzake wameanza kunong'ona, na yeye hakutaka foleni nzima ione.

Kama ningezivua soksi zile nikabonyeza kwa dole gumba sehemu ya juu ya wayo kwa sekunde tatu, miguu yote miwili, shimo lingebaki. Ndicho kipimo chenyewe. Hakina betri wala hakihitaji daktari. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye uvimbe unaobonyea miguu yote miwili anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali hapo hapo, mizani iseme isemavyo, utepe wa kupimia unene wa mkono usome usomavyo. Utepe wake hata Aprili ulisoma sentimita 11.9, yaani njano. Nyekundu inaanza chini ya 11.5. Maji yalikuwa yameujaza mkono kama yalivyoijaza mizani. Ile gramu 400 niliyoishangilia haikuwa nyama. Chini ya maji misuli ilikuwa inaliwa na mwili wenyewe.

Kwa nini njaa imkaushe mtoto mmoja abaki mifupa, na mwingine imvimbishe, wanasayansi bado wanabishana. Zamani ilisemwa ni upungufu wa protini peke yake, na kweli protini ya damu inayozuia maji yasivuje kwenye mishipa huwa imeshuka. Lakini wapo watoto wanaopona uvimbe kabla protini hiyo haijapanda, kwa hiyo jibu si hilo tu. Maambukizi, hali ya utumbo na upungufu wa virutubisho vingine vina mchango wao. Kwa anayepima watoto linalotosha kujua ni hili: uvimbe ni dalili ya hatari hata kama mtoto anaonekana mnene, na mashavu yaliyojaa ya mtoto aliyenuna, asiyetaka kushikwa, asiyecheza, si afya.

Neno walilolisema uani

Mwezi Machi mtoto hakuletwa kliniki. Tulipiga mstari kwenye rejesta, basi.

Kilichotokea ni kwamba uani Tandika mtu alilitamka neno: mtoto kabemendwa. Msomaji wa pwani halihitaji kuelezwa, ila kwa wengine: inaaminika kwamba mzazi wa mtoto anayenyonya akitoka nje ya ndoa, au mama akishika mimba mapema, mtoto atadhoofika, na kosa ni la wazazi. Kwa hiyo kila anayemtazama mtoto anausoma mwili wake kama ushahidi wa dhambi ya mama. Mama huyu alikuwa na mimba inayoanza kuonekana na mtoto anayevimba. Hakuwa na pa kujificha. Alichofanya ni kumficha mtoto kule kwa bibi.

Bibi naye alifanya alichokijua. Alimpeleka kwa mtaalamu wa tiba za asili, akapewa dawa za kuoga na kamba nyeusi ya kiunoni. Wiki tatu. Uvimbe ulipopanda magotini akaenda duka la dawa, akaambiwa hizo ni figo, akauziwa vidonge vya kukojoza maji. Kati ya yote, hicho ndicho kilichokaribia kumuua. Maji ya kwashakoo yako kwenye nyama, si kwenye mishipa. Damu yenyewe inakuwa chache, na madini ya potasiamu mwilini yamekwisha kupungua. Ukimkojoza, unakausha mishipa na kumwaga potasiamu iliyobaki, na moyo wa mtoto huyo tayari umekonda. Wodini tulipima mkojo wake: haukuwa na protini. Figo zilikuwa salama.

Nataka niseme kitu kuhusu kubemenda, kwa sababu naona tunakikosea. Watumishi wengi wa afya tukilisikia neno hili tunacheka au tunakaripia. Mama akishakaripiwa harudi. Ukilitazama vizuri, wazee waliona kitu cha kweli: mtoto ambaye mdogo wake amekuja haraka hudhoofika. Ushauri wa kitaalamu leo ni kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na ushauri huo unatokana na jambo lilelile waliloliona wao. Walichokosea ni sababu. Wakaiweka kitandani badala ya kwenye bakuli, na hukumu ikamwangukia mwanamke. Siku hizi mama akiniambia mtoto kabemendwa simwambii ni ujinga. Namuuliza: aliacha kunyonya lini, na tangu siku hiyo anakula nini?

Aprili, masika yameshika, mhudumu wa afya ya jamii alikuwa anapita nyumba kwa nyumba Kizuiani. Alimkuta bibi anapepeta mchele barazani. Mlangoni zilikuwepo ndala ndogo za mtoto, lakini ndani kimya. Akauliza. "Amelala," bibi akasema. Kesho yake alipita saa nyingine, akaambiwa amelala. Siku ya tatu akaketi mkekani, akasaidia kupepeta, kisha akasema taratibu, "Bibi, nisamehe, naomba nimwone mume wako." Bibi alianza kulia. Mtoto alikuwa chumbani, pazia limeshushwa, amekaa pale alipowekwa, nzi wanamtembelea usoni hawafukuzi. Mhudumu yule hana cheo chochote kikubwa, ana vesti na utepe wa kupimia, na mtoto huyu yuko hai kwa sababu ya uvumilivu wake wa siku tatu.

Wodini

Siku ya kwanza hatukumlisha sana, na hilo ndilo lililokuwa gumu kwa familia. Kwanza maji ya sukari kwa ajili ya ile 2.4, kisha kumpasha joto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, chini ya blanketi. Antibayotiki alipewa ingawa hakuwa na homa, kwa sababu mwili uliochoka hivi hauna hata nguvu ya kupandisha homa. Mtoto anaweza kuwa na nimonia na kipimajoto kikakaa kimya. Malaria haikuonekana, VVU hakuwa nayo, dalili za kifua kikuu hazikuwepo. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma hatukumpa, ingawa viganja vilikuwa vyeupe. Chuma katika siku za mwanzo kinavipa nguvu vijidudu kuliko kumpa mtoto. Kilingoja hadi alipoanza kuongezeka.

Halafu maziwa maalumu ya kuanzia, yale yanayoitwa F-75: mililita 100 zina kalori 75 tu na protini kidogo sana. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kwa kikombe na kijiko. Bibi alivumilia siku moja. Siku ya pili nilimkuta ameficha chupa ya mtori chini ya khanga.

"Mwanangu nesi," akaniambia, "mtoto ana njaa, nyie mnamhesabia maziwa kama dawa."

Nilikaa naye kwenye benchi la korido. Nilimuuliza, jiko la mkaa linapotaka kuzima, limebaki kaa moja au mawili, anafanyaje. Akasema halijazwi, ukilijaza linakufa. Unapepea kidogo, unaweka vijimkaa vidogo, likishika ndipo unaongeza. Nikamwambia mwili wa mjukuu wake uko hapo. Kwa majuma mengi umepunguza kila kitu ili usife: moyo unapiga kwa unyonge, ini limejaa mafuta, utumbo umekonda. Chakula kingi kikiingia ghafla, madini ya damu yanakimbilia ndani ya seli kwa mkupuo, moyo unasimama, na mtoto anakufa akiwa ameshiba. Bibi alinyamaza. Kisha akanipa ile chupa, akasema, "Basi kunywa wewe, usiku mrefu." Nilikunywa. Ulikuwa mtori mzuri.

Siku ya nne alianza kukojoa sana bila kidonge chochote. Maji yalikuwa yanatoka yenyewe. Kila asubuhi tulimpima na kila asubuhi alishuka: 8.5, 8.1, 7.7. Mama alikuwa anaiangalia mizani kwa hofu. Siku ya kumi alisimama kwenye kilo 7.2. Miguu imekauka, mbavu zinahesabika, matako yamebaki mikunjo ya ngozi, utepe sasa unasoma 11.2. "Mbona mmemmaliza?" mama aliuliza, na lilikuwa swali la haki. Nilimwonyesha mstari wa mwisho wa chini kwenye jedwali: mvulana wa miezi 16 aliye chini ya kilo 7.5 yuko nje kabisa ya mistari yote. Huyu ndiye mwanao wa Februari, nikamwambia, maji yakiondolewa. Nami nikamwambia kuhusu soksi, na kwamba niliziona nikaziacha. Sikujua atasemaje. Alisema tu, "Nami nilizivalisha."

Siku ya tisa, siku moja kabla, kilitokea kitu ambacho hakimo kwenye faili. Mgonjwa mwenziwe wa kitanda cha jirani, binti wa miaka miwili, alikuwa anagonga vifuniko vya chupa za soda. Mtoto wetu akamtazama. Akanyoosha mkono. Alipopewa kimoja, akakiangusha makusudi, akamtazama bibi yake kuona kama ataokota. Akacheka. Hiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza ambayo si kulalamika tangu alazwe. Wauguzi wa watoto tunakijua kicheko hiki: kinakuja kabla ya kilo. Ndiyo maana kucheza naye kumo kwenye matibabu, sawa na maziwa. Ubongo wa mtoto wa umri huu unajengwa kwa kasi ambayo hairudi tena, na njaa inaunyima malighafi, kisha unyonge unamnyima mazungumzo, kwa kuwa mtoto asiyecheka watu wanaacha kumsemesha.

Hesabu ya kikombe cha uji

Alipohamia kwenye chakula tiba cha siagi ya karanga, pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500, nilimuomba bibi anionyeshe uji wake. Tulikwenda jikoni. Kikombe cha robo lita, unga wa sembe kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, sukari vijiko viwili vya chai. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ungeweza kuunywa kwa mrija, na hivyo ndivyo alivyoutaka, "usimkabe".

Kijiko kile cha unga ni kama gramu 15, kalori kama 54. Sukari inaongeza kama 40. Jumla haifiki 100. Alikuwa anapewa vikombe vitatu kwa siku, na jioni ugali kidogo na mchuzi. Mtoto wa umri wake anahitaji karibu kalori 900 kwa siku. Angekunywa vikombe tisa vya uji ule asingefika, na tumbo lake haliwezi: la mtoto wa kilo nane linabeba takriban mililita 240 kwa mara moja. Kikombe kimoja kilimjaza. Alikuwa anashiba. Bibi hakukosea aliposema mtoto anashiba. Tumbo lilikuwa linajaa maji.

Na mchuzi. Katika nyumba ya mkaanga samaki, mtoto alikuwa anapewa mchuzi wa samaki. Samaki mwenyewe ilisemwa ana miiba, na vipande vizuri ni vya baba au vya kuuza. "Nguvu yote imo kwenye mchuzi" ni imani niliyoikuta Temeke nzima, na kwetu nyumbani nililelewa nayo pia. Mchuzi una chumvi, harufu na mafuta kidogo. Protini imebaki kwenye mnofu. Kibua kimoja kidogo kilichochambuliwa kwa vidole na kupondwa ndani ya ugali laini kingembadilishia siku yake, na kilikuwa pale mezani kila jioni.

Tulibadilisha mambo machache tu. Uji mzito, unaokaa kwenye kijiko ukikigeuza pembeni bila kutiririka. Ndani yake kijiko cha karanga zilizosagwa au mafuta, au dagaa waliooshwa, kukaushwa na kusagwa. Milo mitatu hadi minne na kitu kidogo katikati, ndizi au parachichi. Bakuli lake mwenyewe, ili ionekane amekula kiasi gani. Yai likipatikana. Matembele na mchicha wa kukatwakatwa, boga, mafuta kidogo juu. Bibi alikuwa pia ananunua unga wa lishe sokoni, ule wa nafaka nane, na aliona aibu nilipomwambia aachane nao. Mchanganyiko huo mara nyingi soya haikukaangwa ipasavyo na inamsumbua mtoto tumboni, na karanga zilizokaa vibaya zinaleta sumukuvu, sumu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Unga mmoja safi, na kitoweo cha kweli kikiongezwa jikoni, ni bora kuliko mfuko wenye majina mengi.

Kuhara nako kulikuwa na sehemu yake. Bibi alikumbuka vipindi vitatu tangu mwaka jana. Mtoto anayeharisha hula kidogo, anachokula hakinyonywi, utumbo unachubuka, kinga inashuka, anaharisha tena. Maji ya ndoo na choo cha watu wengi vinaendelea kuugeuza mzunguko huo hata bakuli likijaa. Sikuwa na dawa ya hilo zaidi ya sabuni, maji ya kuchemsha na chanjo zake kukamilishwa.

Wanaodhani utapiamlo unakaa penye ukame tu waiangalie ramani yetu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa. Mwaka 2015-16 walikuwa 34. Dar es Salaam iko chini ya wastani huo. Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, zaidi ya nusu ya watoto wake walikuwa wamedumaa. Ghala likijaa, bado mtu lazima akae na mtoto, apike kitu kinachomfaa, na amlishe mara nne kwa siku. Mama anayetoka saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu usiku hana saa hizo. Ukimpa somo la lishe bila kumuuliza nani anabaki na mtoto, umempa karatasi.

Baada ya hapo

Wiki ya sita mtoto alikuwa na kilo 8.6, zile zile za Februari, safari hii za nyama. Miguu ilikuwa mikavu zaidi ya wiki mbili, utepe umefika 12.5, akaruhusiwa kutoka kwenye chakula tiba. Urefu wake siku alipolazwa ulikuwa sentimita 73.5, wakati wastani wa wavulana wa umri ule ni kama 80. Sehemu ya urefu huo haitarudi, maana siku elfu moja tangu mimba mpaka miaka miwili zina kasi yake, na nyingi alikuwa amezitumia kupigana. Hilo nililisema kwa mama bila kulipaka sukari. Alinishukuru kwa kutomdanganya.

Mama mwenyewe tulimpima damu, ilikuwa chini. Alipewa vidonge vya chuma na foliki, na tukakubaliana kibua kimoja kwa siku kisiuzwe, kiwe chake. Baba aliitwa kliniki, akaja akiwa na vumbi la saruji shingoni. Uani pale Tandika ndiye aliyesimama akawaambia wapangaji kwamba mtoto alikuwa na njaa ya chakula, hakubemendwa na mtu. Lilimgharimu kusema hivyo, kwa maana mwanaume aliyesema mwanawe alikuwa na njaa amejivua nguo. Nimemheshimu tangu siku hiyo.

Kwenye chumba chetu cha kupimia sasa kuna karatasi ukutani niliyoiandika kwa kalamu nene: VUA SOKSI. BONYEZA MIGUU. HALAFU PIMA. Tangu tuanze tumepata watoto wawili wengine ambao mizani ilikuwa inawasifia. Na mtoto akikosa mwezi mmoja, mhudumu wa mtaa anapewa jina siku hiyohiyo.

Mdogo wake alizaliwa mwishoni mwa Agosti, wa kike, kilo 2.9. Septemba walikuja wote kliniki, mama, bibi na watoto wawili. Kaka mtu ana miezi 21, kilo 9.4. Alikuwa peku, na hakukaa kwenye benchi hata dakika moja. Mama aliuliza mambo mawili: njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha, na kama huyu mkubwa akimkuta mdogo wake ananyonya naye akataka, amwachie. Nilimwambia amwachie.